Anayesimama Mbali

Jambo la kwanza kwenda kombo lilikuwa kiti.

Tangu wakiwa wasichana wa shule, dada mtu alikula akiwa ameelekea ukuta. Meza iwekwe wapi, nyumba iwe ipi, yeye alitafuta kiti kinachotazama ukuta, na barabarani alitembea ameinamisha kichwa kama mtu aliyedondosha sindano. Watu walimsifu. Mwanamke mwenye haya, walisema, hainui macho ovyo. Mdogo wake, aliyejaliwa macho mabovu na mdomo mzima, aliwajibu kwamba haya ya dada yake ingetosha mtaa mzima na ikabaki ya kuazimisha majirani.

Sasa asubuhi moja, siku ya pili baada ya mdogo mtu kufanyiwa upasuaji wa macho kwa leza, dada alikiburuta kiti chake mpaka kikalia sakafuni, akakigeuza, akaketi uso kwa uso na dirisha lililokuwa wazi. Akanywa chai vikombe vitatu. Akamaliza nusu mkate. Akacheka peke yake.

"Leo umeamkaje?" mdogo wake alimuuliza.

"Jua zuri," dada akasema. "Nilikuwa sijaliona."

Mdogo mtu alifurahi. Alidhani dada anamfurahia yeye.

Huyu mdogo mtu alikuwa fundi miwani, na tangu darasa la pili jina lake lilikuwa Chupa, kwa sababu lenzi zake zilifanana na vitako vya chupa. Namba yake ilikuwa hasi saba. Asiyejua hesabu hiyo na aelewe hivi: bila miwani, dunia ya Chupa iliyo wazi iliishia kiganja kimoja kutoka puani, na kuanzia hapo kila kitu kilikuwa uji. Hakuwahi kuolewa, na sababu aliyoitoa ni kwamba wote waliomkonyeza walimkonyeza kwa mbali. Amepita mbele ya rafiki zake bila salamu mara zisizohesabika, akaitwa mwenye maringo, kumbe masikini hakuwa amemwona mtu. Msimulizi wa habari hii naye aliwahi kuusalimia mlingoti wa bendera katika uwanja wa ndege wa ugenini, akasubiri ujibu, kwa hiyo hacheki sana.

Lakini ndani ya kile kiganja kimoja, Chupa alikuwa malkia. Skrubu ya fremu, ndogo kuliko punje ya mtama, aliishika kwa kibano, akapandisha miwani yake kwenye paji la uso, akaileta skrubu mpaka karibu na kope, akaiona mikunjo yake yote. Mafundi wengine walihitaji kioo cha kukuza. Yeye alizaliwa nacho.

Daktari wa macho hakumficha kitu. Ni lazima lisemwe hilo, maana katika habari hii wapo waliomficha, na daktari si mmoja wao.

"Namba yako inahama?" alimuuliza.

"Miaka kumi haijatikisika."

"Vizuri. Namba inayohama hatuigusi, hata mtu alie." Akamweleza: wanafungua utando mwembamba wa mbele ya jicho, leza inachonga kwa sekunde chache, utando unarudishwa. Faida yake ataamka asubuhi na kuuona ukuta. Hatari ni macho kukauka miezi kadhaa, taa kuota miduara, mara chache kovu, mara chache sana uoni wenyewe kupungua. "Na kwa umri wako, mama, kuna jambo ambalo si hatari bali ni hakika. Utapata mbali, utapoteza karibu. Hiyo skrubu yako utaisikia kwa vidole tu."

Chupa alirudi nyumbani na mashaka yake. Ni dada aliyeketi naye mezani, ameelekea ukuta kama kawaida, akachana karatasi ya daftari la hesabu, akapiga mstari katikati: faida huku, hatari huku. Dada aliandika mwenyewe, kwa mwandiko wake wa ualimu, na juu pembeni akatia tarehe, maana dada hata orodha ya sokoni huitia tarehe. Faida zikafika kumi na moja. Hatari zikawa tatu.

"Kwa karibu kuna miwani ya kusomea," dada alimwambia. "Utaitengeneza mwenyewe. Lakini mbali, Chupa! Mdogo wangu, umri huu wote hujawahi kuiona nyota kwa jicho tupu. Fanya. Dunia ni nzuri mtu akiiona."

Maneno hayo yaliyeyusha moyo wa Chupa. Wazazi walikuwa wamekufa, na dada ndiye aliyemlea, akampeleka shule kwa kumshika mkono kwa sababu bila hivyo angeingia mtaroni. Katika ukoo mzima dada peke yake alizaliwa na macho mazuri. Mama, baba, bibi, wote walikuwa na vitako vya chupa. Mtu wa macho mazuri akikuambia dunia ni nzuri, utabishana naye kwa ushahidi gani?

Basi akafanya. Chumbani mwa leza alisikia tik-tik-tik, na harufu kama ya nywele zilizoungua. Ni kawaida, daktari akamwambia, usitikisike. Kesho yake alipotoa vikinga vya plastiki machoni, aliona vigae vya nyumba ya tatu, kimoja kimoja, akalia, kisha akakumbuka kwamba amekatazwa kulia.

Ile asubuhi ya kiti, chai ilipoisha, Chupa naye alisogea dirishani kuufaidi uoni wake. Akaona majani ya mti. Akaona kamba ya nguo ya jirani na vibanio vyake. Akaona mwisho wa mtaa, pale penye mnara wa tangi la maji, na chini ya mnara akamwona mtu amesimama.

Alikuwa mrefu. Nguo yake ilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa vyombo. Alikuwa ameuelekeza uso kwenye nyumba yao, na Chupa, ambaye kwa ulevi wa macho mapya alikuwa akimsalimia kila kiumbe, akampungia mkono.

Yule mtu hakupunga. Ila upepo ulileta harufu ya nywele zilizoungua.

"Dada, yule ni nani pale chini ya tangi?"

Dada alitazama. Alitazama kwa muda mrefu, macho wazi, huku na huku, kama mtu anayetafuta kitu na kuomba asikipate. Kisha akashusha pumzi ambayo ilionekana kuwa amekaa nayo miaka mingi.

"Mimi simwoni mtu," akasema. Na sauti yake, jamani, ilikuwa ya furaha.

Majini ya watu wengine huja usiku wa manane na upepo wa kuzima taa. Hili lilikuja saa nne asubuhi, saa sita mchana, saa tisa, jua likiwa limewaka na watoto wa shule wakipita. Siku ya nne lilikuwa limesimama mbele ya duka la dawa, ng'ambo ya barabara, mkabala na kiwanda kidogo cha Chupa. Alikuwa ndani, amefunga mlango wa kioo, hakuona kitu. Alipoufungua kumtolea mteja fremu yake, likawepo. Akafunga, halipo. Akafungua, lipo. Mteja akamuuliza kama bawaba ni mbovu.

Fundi ni fundi hata akiogopa. Mteja alipoondoka, Chupa alichukua fremu ya kupimia, ile nzito ya chuma yenye matundu ya kubadilishia lenzi, akaivaa. Jicho la kulia akaliacha tupu. Jicho la kushoto akalitilia kioo kitupu kisicho na namba, kioo cha dirisha tu. Akasimama mlangoni.

Akafumba la kulia: duka la dawa, bango la dawa ya meno, paka.

Akafumba la kushoto: duka la dawa, bango, na mbele ya bango lile jitu, na paka amejikunja mgongo.

Akavua fremu, na kwa mara ya kwanza akautazama uso wa jitu lile sawasawa. Lilikuwa na kope. Kope ndefu, nzuri, zikifunga na kufungua, na kila zikikutana zilitoa sauti ndogo yenye umajimaji, tap, tap, aliyoisikia kutoka ng'ambo ya barabara kama imo sikioni mwake. Nyuma ya kope hapakuwa na macho. Kope zilikuwa zikifunga na kufungua shimo.

Alimweleza daktari siku ya kupimwa, kwa kuzungukazunguka, kama anavyoeleza mtu anayeogopa kuandikiwa dawa za wendawazimu. Daktari akamulika, akafurahi. "Macho ya tai! Hivyo vivuli ni ukavu. Ongeza matone."

"Daktari, kivuli huwa kinapanga foleni?"

Daktari akacheka sana, akasema wagonjwa wote wangekuwa kama yeye kazi ingekuwa raha. Chupa naye akacheka, kwa adabu. Hakumwambia kwamba korido ya kungojea ilikuwa ndefu, kwamba mwisho wa benchi, baada ya wazee sita waliofungwa macho kwa pamba, palikuwa na wa saba, magoti yake yakifika kifuani, akisubiri zamu.

Mtu wa kukimbilia alikuwa dada. Lakini kila alipofungua mdomo nyumbani, dada alikuwa na safari: sokoni, kwa jirani, kutembea tu. Dada, ambaye zamani akitoka ni kwa lazima! Alirudi ameungua na jua, kichwa juu, akisimulia rangi za mageti ya watu.

Siku ya tisa Kasuku akaingia kiwandani. Huyu alikuwa binti pekee wa dada, msichana wa miaka ishirini na minne aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine, na jina lake lilimkaa kwa sababu alianza kuongea kabla ya kuota meno na hajanyamaza. Alikuwa na miwani tangu darasa la kwanza. Amekuja na fremu iliyokatika mkono.

"Mama mdogo, hebu nikuone! Hee! Kumbe una macho!"

"Yalikuwa uchochoroni."

"Makubwa, tena mazuri. Ungenijia mapema tungekutafutia mchumba." Akajitupa kwenye kiti cha wateja. "Mimi nina wivu, nakwambia kweli. Mama anakupenda wewe kuliko mimi."

"Kwa lipi?"

"Si kwa hayo macho! Mimi nimelilia leza miaka miwili, akakataa katakata. Kukataa kwenyewe, mama mdogo! Nikisema tu jicho, anaanza kutetemeka. Miezi mitatu iliyopita nikamwambia naenda utake usitake, akaniandikia barua. Ninayo hapa, naisoma nikitaka kuogopa." Akapekua mkoba, akatoa karatasi ya daftari la hesabu iliyokunjwa nne.

Chupa aliipokea. Kwa karibu hakuona kitu, mistari tu inayoogelea, ikabidi anyooshe mikono mpaka viwiko vikagoma. Ndipo mwandiko wa ualimu ukasimama wima. Hapakuwa na mstari katikati. Hapakuwa na faida hata moja. Zilikuwa hatari kumi na moja, zimepangwa kwa namba, na chini yake: *Mwanangu, nakuomba kwa maziwa niliyokunyonyesha, usiguse macho yako.*

Juu pembeni palikuwa na tarehe. Chupa aliijua tarehe ile. Ilikuwa pia juu ya karatasi yake mwenyewe, yenye faida kumi na moja, iliyobandikwa kwenye mlango wa kabati jikoni.

"Ameandika vizuri, eti?" Kasuku akasema. "Sasa wewe ndiye mtaalamu. Nifanye, nisifanye? Ukisema wewe, mama hana la kusema."

"Niachie miwani, na hii barua," Chupa akasema. "Njoo Alhamisi nikupime."

Alifunga kiwanda saa sita na robo mchana, jambo ambalo hakuwahi kufanya hata siku ya msiba. Alimkuta dada jikoni, anakatakata vitunguu, mlango wa uani wazi, jua limelala sakafuni. Akaibandua ile karatasi ya kabatini, akaziweka mbili zote juu ya kibao, moja kando ya nyingine.

Dada akaacha kisu.

"Tarehe moja," Chupa alinong'ona. Hakujua kwa nini ananong'ona. Nyumba ilikuwa yao wawili. "Mkono mmoja. Uliandika ipi kwanza?"

Dada akapangusa mikono kwenye kanga.

"Dada, nakuuliza."

"Yake," dada akasema. "Yake kwanza, asubuhi. Yako nikaandika ulipotoka kwa daktari."

"Ulijua."

"Punguza sauti."

"Ulijua kuna kitu kinasimama kule!"

"Nikiwa na miaka kumi na mmoja nililiona," dada akasema, harakaharaka, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetapika na anataka amalize. "Mwisho wa shamba la shule. Nikamwambia mama, mama akasema bibi alikuwa akilitaja, kwamba ni la ukoo wetu, linakaa na mmoja tu, yule anayeliona kwa jicho tupu. Ndiyo maana kila mtoto akizaliwa haoni mbali walishangilia. Mlikuwa mmefunikwa. Mimi sikufunikwa. Kila mwaka linasogea, na ukilitazama linaharakisha. Nilivaa miwani ya kioo kitupu mwaka mzima, unakumbuka? Ulinicheka, ukasema nakuiga. Kioo kinalificha, hakilizuii. Siku nilipoivua kunawa uso lilikuwa limefika getini."

"Na likifika lilikokuwa likienda?"

"Nilikwenda kwa mganga. Alisema halifukuziki, linahamishwa tu. Wa damu yetu akiliona kwa jicho tupu, linamfuata huyo, linamwacha wa zamani. Alisema halinyang'anyi." Dada akaishika meza. "Linaomba. Linakaa usoni pako linaomba, mchana na usiku, mpaka siku moja unachoka, unatoa."

"Unatoa nini?"

Dada aliinua kichwa. Alikuwa akiyatazama macho ya mdogo wake, yale mapya, mazuri.

"Mwaka huu lilikuwa limefika mlangoni mwa chumba changu," alisema mwishowe. "Na mtoto akawa anasema atakwenda, nitake nisitake. Chupa, ningefanyaje? Angekwenda, angeliona. Ilikuwa lazima limpate mwenye kulichukua kabla yake."

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Swali hilo lilimuuma Chupa kuliko barua, kwa sababu alijua jibu. Mkono ule uliomvusha mitaro yote ya utotoni, kama ungemwomba waziwazi, angekwenda kwa daktari kwa miguu yake. Angeogopa, angetukana, angekwenda. Dada hakumuuza kwa sababu ya kukosa njia nyingine. Alimuuza kwa sababu hakuthubutu kuuliza.

Alitaka kulisema hilo. Ila harufu ya vitunguu ilikuwa imekufa, na mahali pake ilikuja ile ya nywele zilizoungua, na Chupa akainua macho juu ya bega la dada yake akatazama mlango wa uani uliokuwa wazi, na jua lililokuwa limelala sakafuni likainuka kama zulia linalokunjwa, kwa kuwa kulikuwa na kitu kimeinama kupita mlangoni, kwanza kichwa, kisha mabega, kisha mikono mirefu iliyoshikilia fremu ya mlango kama kipofu anayeipapasa nyumba ngeni, kope zikipiga tap, tap, tap, na likampita dada bila kumgeukia, kama mtu anavyompita mpangaji aliyehama, likaja, likaja, na kila hatua Chupa aliliona kwa ukamilifu ule ambao daktari aliusifu, akaona vinyweleo, akaona ngozi iliyokunjamana kuzunguka yale mashimo, mpaka likafika hatua tatu, hatua mbili, urefu wa mkono, na hapo, kama mwandiko wa barua, kama skrubu, kama kila kitu ambacho kimemkaribia tangu siku ya leza, likaanza kuyeyuka kingo, likawa ukungu, likawa kivuli cha ukungu, likawa hakuna kitu, jiko tu na dada yake analia.

Hatua zake hazikusikika zikiondoka.

Kitu baridi kikamgusa kope ya kulia, polepole, kama mnunuzi anayepapasa kitambaa.

"Moja tu," kitu kikamwambia.

Siku zilizofuata Chupa alijifunza mambo ambayo hakuna daktari anayeyaandika kwenye orodha ya hatari. Kwamba mbali kote kumetakasika, mtaa mzima mweupe, chini ya tangi hakuna mtu, na usafi ule ulimtisha kuliko kumwona. Kwamba akivaa miwani ya kusomea anaona skrubu na haoni jingine, na akivua haoni vyote viwili. Kwamba haliudhiki, halikemei, haliinui sauti. Linaomba kwa upole wa ombaomba aliyefundishwa adabu: moja tu, la kushoto, hulitumii sana. Dada alipika vyakula vyote alivyovipenda mdogo wake, akaviweka mbele ya mlango wa chumba cha Chupa, akavikuta vimepoa.

Alhamisi Kasuku akaja, akakaa kwenye kiti cha kupimia, akavishwa fremu ya chuma. Bango la herufi liliwaka ukutani. Chupa alimbadilishia lenzi moja baada ya nyingine, hii au hii, ya kwanza au ya pili, na msichana akasoma mstari wa mwisho bila kusita kwa hasi tatu na nusu. Ndiyo iliyokuwa namba yake mwaka jana. Ndiyo iliyokuwa namba yake mwaka juzi. Namba imetulia, umri mzuri, uoni wa karibu atabaki nao miaka ishirini. Fundi yeyote mkweli angemwambia: nenda mwanangu, na Mungu akubariki.

"Au yake," kikanong'ona, karibu sana, na kope zikagusa shavu la Chupa. "Ni mapya zaidi. Nitakuacha."

Aliishika kalamu. Kadi ya msichana ilikuwa mbele yake, namba za miaka yote zimepangwa moja chini ya nyingine. Neno moja tu, na kesho angeamka peke yake. Angekula ameelekea dirisha. Na dada naye angejua utamu wa kumwamini ndugu.

Akaandika: hasi nne.

"Imepanda," akasema.

"Imepanda? Lakini nimeona vizuri na ile ile!"

"Unadhani umeona. Namba inayohama hawaigusi, hata ulie."

"Mpaka lini?"

"Mpaka itulie. Utakuja kila mwaka nikupime. Mimi, si mwingine, unanisikia?"

Kasuku aliivua fremu ya chuma akaiweka mezani, taratibu, kwa hasira ya mtu aliyelelewa vizuri. "Mmepanga," akasema. "Wewe na mama. Wewe umekwisha kupata yako, sasa mlango unafungwa. Nilidhani angalau wewe hutanidanganya, mama mdogo. Wewe!"

Akachukua miwani yake. Alitoka bila kuaga, akampita mama yake aliyekuwa amesimama kizingitini, amesikia yote.

Dada aliingia. Machozi yalikuwa yamemfika kidevuni, na mikono ameinyoosha yote miwili, kama zamani kwenye mitaro.

"Mdogo wangu," akasema. "Mdogo wangu, Mungu akulipe. Njoo."

Chupa aliitazama ile mikono ikimkaribia, ikianza kuyeyuka kwenye vidole. Akarudi nyuma hatua moja ili isimfikie, na mgongo wake ukapokewa na kitu baridi.